Ya Tatu Bado

Lilifika Januari, siku ya hasi thelathini na moja.
Mleta mizigo aliliegemeza mlangoni akakimbilia gari lake.
Karatasi ilisema: usifungue kwa saa ishirini na nne,
mbao zizoee joto la nyumba.
Nilingoja saa mbili.

Nasra akazihesabu nyuzi kwa kidole. Kumi na mbili.
"Sita zilikukosea nini?"
Nikamweleza kwamba hizi huenda mbilimbili:
jozi nne, kila mnene na mdogo wake mwenye sauti ya juu,
na mbili za mwisho ni mapacha wa kufanana.
"Basi ni ugomvi mara sita," akasema,
akaenda kulala. Zamu yake ya hospitali huanza alfajiri.

Na ulikuwa ugomvi.
Nikimtuliza wa kwanza, wa tano analegea,
nikimkaza wa tano, wa kwanza kasahau tulichokubaliana.
Shingo ilikuwa imejikunja mbele kama mtu anayechungulia kisima,
nyuzi zikaelea juu ya vyuma,
kuzibonyeza ni kusukuma mlango ulioegemezwa kabati.

Nikashuka kwa Bohdan, fundi wa mafriji, kuazima ufunguo wa pembe sita.
Akanipa, ila hakuuachia upesi.
"Robo mzunguko," alisema. "Hiyo si bolti ya trekta."
Nikazungusha nusu.
Shingo ikanyooka kupita adabu,
na ule mnene, kuanzia chumba cha pili, ukaanza kukoroma,
mkoromo wa mtu ambaye asubuhi atakataa katakata.
Nikarudisha kidogo. Nikasubiri. Nikarudisha kidogo.

Kulikuwa pia na mlio kule kwenye kizingiti, tik!
uzi unang'ang'ania mfereji wake, halafu unaruka na kupitiliza.
Nikachonga penseli ya mwanetu Rayyan,
unga mweusi nikaupaka mfereji mmoja mmoja kwa ncha ya sindano.
Asubuhi ataniuliza penseli imefupishwa na nani.

Kisha ule mdogo wa jozi ya tatu,
mwembamba kuliko wote na wa juu kuliko wote.
Nikampandisha. Taa ya simu nyekundu, njano, njano,
kijani,
akakatika.
Sauti yake ya mwisho ndiyo iliyokuwa sahihi.
Akaniachia mstari wa damu kwenye kidole gumba.

Nikafunga mwingine, na safari hii sikubishana.
Nikazishusha zote hatua nzima,
nikabana kibano chumba cha pili.
Niliona haya kidogo, kama mtu aliyepunguziwa mshahara
akagundua mwisho wa mwezi kwamba bado anakula.

Hewa ya Winnipeg majira haya hukausha hata mate kwenye stempu.
Mbao zilikuwa zimesinyaa, ncha za vyuma zimechomoza,
zinakikwaruza kiganja kila kinapopita.
Nikatoboa kisanduku cha sabuni, nikatia sifongo mbichi,
nikakilaza ndani ya kasha. Hilo ni la kungoja wiki.

Lisilongoja ni hili: ukiwapiga mapacha kabla hawajapatana,
katikati yao hupiga kitu cha tatu,
wau-wau-wau,
si cha huyu wala cha yule.
Unakaza kwa upana wa unywele.
Wau, wau.
Wau.
Halafu kinaondoka, na hujui kimepitia wapi.

Saa nane usiku. Kijani kwenye jozi zote sita.
Nikazipitisha mara moja, polepole, kutoka nene hadi nyembamba.
Redieta ikagonga mara mbili, ikanyamaza.
Mtaa wa Sargent haukuwa na gari hata moja.

Kutoka chumbani, sauti iliyojaa mto:
"Ya tatu bado."

Nikaitazama simu. Simu ilisema ipo.
Nikaipiga tena peke yake, sikio juu ya mbao,
nikasikia, mbali sana, wau.

Nikaizima simu.
Nikaikaza, si hata unywele.
Nikaipiga nikangoja.

Godoro likageuka, basi.